Kisangani: Mama mhame na jiwe lake. Namna ya kujua kama almasi ni ya kweli

KISANGANI. Mama huyo alivuka mto mwaka 2023, wakati vita vya ardhi kati ya jamaa za Wambole na Walengola vilipowafukuza watu wa Lubunga kutoka nyumbani kwao. Ndani ya mtumbwi alikuwa na watoto wanne, sufuria mbili na mkeka. Kiunoni, chini ya kitenge, alikuwa amefunga kitambaa chenye fundo, na ndani ya fundo hilo mlikuwa jiwe moja. Watoto hawakujua. Majirani zake katika mahema ya wahame nao hawakujua, hadi wiki chache zilizopita.

Jina lake halitajwi hapa kwa usalama wake. Jambo lililompata ni la kusikilizwa na kila jamaa katika mji huu, kwa sababu Kisangani ni mji wa almasi. Toka miaka ya 1980, Serikali ya Mobutu ilipowaruhusu raia kuchimba wenyewe, vijana wameondoka hapa kwenda Bafwasende, Banalia na Ubundu, wakirudi na mawe au wakirudi mikono mitupu. Wale waliokuwa hapa Juni 2000 wanakumbuka vita vya siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji, na almasi ilikuwa moja ya sababu. Basi haishangazi kwamba hata chini ya hema la wahame unaweza kukuta jiwe ndani ya kitambaa.

Jiwe la mama lilitoka kwa ndugu yake mdogo. Kijana huyo alifanya kazi miezi saba katika shimo moja upande wa Bafwasende. Siku ya kugawana, mwenye shimo hakuwa na pesa. Alimpa jiwe na kumwambia: « Hii ndiyo sehemu yako. Kauze mjini, utanikumbuka. » Kijana alifika Lubunga, akampa dada yake jiwe alichunge, akarudi msituni kutafuta lingine. Shimo lilimwangukia. Mwili uliletwa nyumbani kwa pikipiki, umefungwa ndani ya turubai.

« Ndiyo maana sikuliuza, » anasema mama. « Nilijiambia, siku mambo yatakaposhindikana kabisa, ndugu yangu atatusaidia. »

Siku hiyo ilifika mwaka huu wa masomo. Mtoto wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za shule, na mdogo alikuwa na homa isiyopoa. Mama alimfungulia siri jirani mmoja, jirani akamwambia shemeji yake, na kesho yake akatokea mwanaume mwenye viatu safi, akijiita komisionere. Alilitazama jiwe chini ya taa ya simu, akapiga mluzi. Akasema lina uzito wa karati 14, na kwamba kontwari moja ya katikati ya mji ingelipa dola maelfu. Ila kwanza palihitajika dola 60: za kuliosha, za kulipima, na za kutafuta kile alichokiita « cheti cha Kimberley » kwa jina la mama.

Mama hakuwa na dola 60. Lakini alikuwa mshiriki wa likelemba ya mama kumi na wawili, wote wahame, kila mmoja akitoa franka 5.000 kwa wiki. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya mama mwingine, aliyetaka kununua bidoni ya mafuta ya mawese ili aanze kuuza kwa chupa. Dola 60 zilikuwa karibu zamu tatu mfululizo. Mama huyu wa jiwe akawaomba wenzake wamwachie zamu hizo, naye angewarudishia mara mbili baada ya kuuza.

Walikaa chini ya muembe wakazungumza hadi jua likalala. Wengine walikubali upesi, maana jiwe la karati 14 si mchezo. Mmoja tu, mama wa makamo ambaye marehemu mume wake alikuwa mchimbaji, aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: « Nani amelipima? »

Wakajibu: komisionere.

« Yule anayetaka pesa ndiye amelipima? »

Kimya.

Hivyo ndivyo jiwe lilivyofika kwa mzee mmoja wa Mangobo, ambaye zamani, kabla macho hayajachoka, alikuwa akipanga mawe katika kontwari: mazuri huku, ya viwandani kule, takataka chini. Mama kumi na wawili hawakuweza kwenda wote. Walikwenda watatu, wawili juu ya toleka moja na mmoja kwa mguu, kwa kuwa pesa ya toleka ya pili haikuwapo.

Mzee hakuligusa jiwe mara moja. Aliwauliza kwanza wamefanya nini nalo. Mama akaeleza kwamba komisionere alikwaruza chupa kwa jiwe mbele yake, na chupa ikabaki na mstari mweupe. Ndiyo ilikuwa hakika yake.

« Mwanangu, » mzee akasema, « hiyo ni hakika ya watoto. »

Akaeleza. Wataalamu wanapima ugumu wa mawe kwa namba, kutoka 1 hadi 10. Almasi iko peke yake kwenye 10. Kioo cha chupa kiko kati ya 5 na 6. Lakini yale mawe meupe ya kwatsi yanayojaa ndani ya mito yetu yana 7. Nayo pia yanakwaruza chupa. Topazi ina 8, yakuti ina 9, zote zinakwaruza chupa. Kama jiwe likishindwa kukwaruza chupa, ujue si almasi. Kama likikwaruza, bado hujajua kitu.

Halafu akawauliza kama kuna mtu aliyewashauri kulipiga nyundo. Mama akakiri kwamba shemeji wa jirani alisema almasi haivunjiki. Mzee akatikisa kichwa. Huo ni uongo ambao umewapotezea watu mali. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ukiipiga nyundo inapasuka, kwa sababu ndani yake ina pande ambazo inagawanyika kirahisi. Mtu anaponda almasi yake halisi, kisha anasema: « Kumbe ilikuwa kioo. » Kuna wanunuzi wabaya wanaompa mchimbaji nyundo makusudi, wakijua wataokota vipande baada ya yeye kuondoka akilia. Moto nao hausaidii. Almasi ni kaboni, kama makala, na katika moto mkali sana inaweza kuungua. Na habari ya kuweka jiwe juu ya gazeti na kuangalia kama herufi zinaonekana ni ya mawe yaliyokwisha kuchongwa kwa pete, si ya jiwe lililotoka mtoni jana.

Baada ya hapo ndipo alipoliomba jiwe. Aliliosha kwa sabuni ya unga, akalisugua kwa mswaki, akalikausha kwa kitambaa safi. Jiwe lenye mafuta ya mikono, alisema, linadanganya kila kipimo.

Alianza na macho. Alikuwa bado na kioo chake kidogo cha kukuza mara kumi, kimefungwa kwa uzi shingoni. Almasi nyingi zinazaliwa na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kwa matako, zenye pande nane. Nyingine zina nyuso zilizopinda kidogo, nyingine hazina umbo lolote, basi umbo peke yake halihukumu. Lakini juu ya nyuso za almasi mara nyingi kuna alama ndogo ndogo za pembe tatu. Mng'ao wake ni mzito, kama wa kitu kilichopakwa mafuta hata kikiwa kikavu. Mahali ilipovunjika inaacha ngazi bapa. Kwatsi na kioo zikivunjika zinaacha shimo la mviringo, kama chupa iliyovunjika mdomo. Na kioo cha kiwandani mara nyingine kina mapovu madogo ndani, duara kabisa.

Jiwe la mama lilikuwa laini kama yai. Mzee alilizungusha kwa muda mrefu. Upande mmoja lilikuwa na pengo dogo, na pengo hilo lilikuwa la mviringo. Hakusema kitu.

Kisha akalipumulia mdomoni, kama mtu anayesafisha miwani. Almasi inapitisha joto upesi kuliko mawe mengine yote, kwa hiyo ukungu wa pumzi unatoweka karibu mara moja. Ukungu juu ya jiwe la mama ulikaa. Akadondosha tone la maji kwa ncha ya kijiti. Juu ya almasi safi, tone linasimama kama ushanga, kwa sababu almasi haipendi maji, inapenda mafuta. Toka mwisho wa karne ya 19, huko Kimberley katika Afrika Kusini, makampuni yalipitisha changarawe yenye maji juu ya meza zilizopakwa grisi: mawe mengine yalienda na maji, almasi zilibaki zimenasa. Tone juu ya jiwe la mama lilitandaa.

« Bado sijasema, » mzee akasema alipoona uso wa mama. « Pumzi na tone ni mashahidi wadogo. Tumuite shahidi mkubwa. »

Shahidi mkubwa alikuwa mizani ndogo ya betri, ya kijana jirani anayenunua dhahabu kidogo kidogo. Mizani ya namna hiyo ipo karibu kila mahali panapouzwa dhahabu, na inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mzee aliweka jiwe juu yake: gramu 2,80. Karati moja ni gramu 0,20, maana yake gramu moja ni karati tano. Basi jiwe lilikuwa na karati 14 kamili. Kwa hilo komisionere hakudanganya.

Kisha mzee akaweka juu ya mizani glasi nyepesi ya plastiki yenye maji, akairudisha mizani kwenye sifuri. Akafunga jiwe kwa uzi mwembamba wa kushonea, akalishusha polepole ndani ya maji, likazama lote bila kugusa chini wala kando. Namba ikatokea. Namba hiyo, alieleza, ndiyo uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma ili lipate nafasi. Ukigawa uzito wa jiwe kwa namba hiyo, unapata uzito wa asili wa jiwe, na kila aina ya jiwe ina wake, hata liwe dogo au kubwa, hata lichongwe namna gani.

Almasi ni 3,5. Kwatsi ni 2,65. Kioo cha kawaida ni karibu 2,5. Zirkoni, ambayo nayo inang'aa na kudanganya wengi, inapita 4. Ile almasi ya bandia ya kiwandani inayoitwa zirkonia inakaribia 6.

« Kama hili ni almasi, » mzee akasema, « mizani isome 0,80. Kama ni kwatsi, isome 1,06. »

Mama watatu waliinama juu ya mizani. Namba ilicheza kidogo, ikatulia. 1,06.

Mzee alirudia mara tatu, akibadilisha uzi, akifuta mapovu ya hewa yaliyoshika jiwe, kwa sababu povu moja linaharibu hesabu. 1,05. 1,06. 1,06.

Mama aliuliza swali moja tu: « Miezi saba? » Hakuna aliyejibu, maana wote walielewa kwamba hakuwa akiuliza habari ya jiwe. Alikuwa akiuliza habari ya ndugu yake, aliyechimba miezi saba, akalipwa jiwe ambalo mtoto anaweza kuliokota mtoni bila kulowesha magoti. Mwenye shimo alijua? Labda alijua, labda hapana. Kijana alijua? Mzee alisema kwamba katika miaka yake ya kontwari aliona vijana wengi wakifika wakikimbia, wakiwa na kwatsi ndani ya mkono uliofungwa, na hakuna kati yao aliyekuwa mwongo. Waliamini tu.

Lakini mzee hakuwaacha waondoke hivyo. Aliwaambia jambo la pili, ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kule mjini mtu asiyejua anaumizwa kwa pande mbili. Akiwa na kwatsi, anaambiwa ni almasi ili atoe pesa. Akiwa na almasi, anaambiwa ni kwatsi ili aiache kwa dola 20, « pole ya safari ». Njia ni moja, mjinga ni mmoja. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, alikaa kwenye meza na kusikia bwana wake akimwambia mchimbaji mwenye jiwe zuri kwamba ameleta kipande cha chupa. Alinyamaza, kwa sababu alikuwa akila kwenye meza hiyo. Alisema hivyo akitazama chini, kisha akaendelea.

Basi maji na mizani si kwa ajili ya kukataa tu. Yule ambaye jiwe lake limesoma 3,5 anaingia kwenye kontwari akiwa na mgongo ulionyooka. Hata hivyo asiseme bado kwamba ana almasi. Topazi nayo ni karibu 3,5. Maji yanaweza kusema « hapana » kwa uhakika. « Ndiyo » inahitaji mtaalamu. Hata ile mashine ndogo inayolia inapoguswa jiwe inapima joto tu, na kuna jiwe la kiwandani linaloitwa moisanaiti ambalo linaidanganya. Nchini kwetu huduma ya Serikali inayopima na kuthaminisha almasi ni CEEC, nayo ina ofisi hapa Kisangani. Mtu aende huko na shahidi, awe ameandika uzito wa jiwe kwa mkono wake kabla ya kutoka nyumbani, aulize bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja, wenye karata za kazi hiyo, na asiruhusu jiwe lipelekwe chumba cha nyuma hata kwa dakika moja. Jiwe linaloingia chumba cha nyuma linaweza kurudi likiwa jiwe lingine, na uzito ulioandikwa nyumbani ndio utakaolishtaki.

Na kile « cheti cha Kimberley »? Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. Mpango wa Kimberley ulianza kazi mwaka 2003, na cheti chake kinafuata vifurushi vya almasi ghafi vilivyofungwa, vinavyotoka katika nchi moja kwenda nyingine. Hakitolewi kwa mama aliye ndani ya hema mwenye jiwe moja ndani ya kitambaa. Anayeahidi kukileta kwa dola 60 hauzi cheti, anauza maneno.

Walirudi kwa miguu wote watatu. Njiani mama wa jiwe aliuliza kama inawezekana mizani iliharibika. Yule mwenzake wa makamo akamjibu kwa upole kwamba wanaweza kurudi kesho na mizani nyingine. Mama akafikiri, akasema hapana.

Komisionere alikuja siku ya tatu, kama alivyoahidi, bado na viatu safi. Mama hakumgombeza. Alimpa kiti. Alimwambia kwamba mama wote wamekubaliana: achukue jiwe pamoja na mama wawili, waende hadi kontwari, na hizo dola 60 azikate kwenye bei watakayopewa. Hata akitaka, akate 120. Mwanaume akasema mambo hayafanyiki hivyo. Mama akamuuliza yanafanyika vipi. Simu yake ikalia, au alijifanya imelia, akatoka nje kuipokea, na hadi leo hajarudi.

Mzee wa Mangobo aliposikia, alisema kwamba hicho nacho ni kipimo, tena hakihitaji mizani wala maji. Anayeamini kwamba jiwe ni la kweli atakubali kulipwa baada ya jiwe kuuzwa.

Zamu ya likelemba ilikwenda kwa mwenyewe. Mama yule alinunua bidoni yake ya mawese, na sasa anauza kwa chupa karibu na kisima. Zamu ya mama wa jiwe ilifika wiki mbili baadaye. Ililipa sehemu ya pesa za shule na dawa ya mdogo. Haikutosha. Mtoto wa kwanza amekubaliwa darasani kwa ahadi ya kumaliza deni kabla ya mitihani, na mama anaosha nguo za watu katika mtaa wa Makiso, siku tatu kwa wiki.

Jiwe amelirudisha ndani ya kitambaa, akafunga fundo lile lile. Mtoto wake wa kiume, ambaye sasa anajua, alimuuliza kwa nini asilitupe, maana ni kwatsi tu. Mama alimwambia ya kwamba mjomba wake alilichunga katika mfuko wake kutoka Bafwasende hadi Lubunga, akilala njiani usiku mbili, na kila alipoamka alikuwa akiligusa ili ajue kama bado lipo.